Jina la Mtoto wa Sekela

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na msikilize mpaka mwisho, maana nitawauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Huko nyanda za juu za kusini, ambako viazi hulimwa mpaka mawinguni, kijiji kimoja kilikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Subilaga alikuwa fundi pikipiki. Kazi hiyo aliachiwa na marehemu mumewe, pamoja na sanduku la spana. Kipaji chake kilikuwa sikio. Angekuwa jikoni anamenya viazi, pikipiki ikapita barabarani, naye angesema, "Hiyo inakunywa mafuta mengi kuliko hewa." Jioni mwenye pikipiki angekuja kulalamika kwamba plagi imekuwa nyeusi tii.

Ambakisye alikuwa dereva wa bodaboda, na kipaji chake kilikuwa mkono. Wanawake walimkabidhi trei za mayai bila kuzifunga, akapita nazo kwenye utelezi, na hakuna yai lililopata ufa.

Mwalimu Anyosisye, mstaafu, alikuwa na kipaji cha kutunza. Mwanawe wa pekee, Lugano, alifariki kwenye kona ya mlimani. Pikipiki yake iliharibika vibaya mbele, lakini injini ilibaki nzima. Mwalimu aliisimamisha juu ya matofali sebuleni kwake. Kila Jumapili, akitoka kanisani, aliiwasha, akaketi kwenye stuli kuusikiliza mngurumo wake kwa dakika tano, kisha akaizima. Hakuruhusu mtu aguse hata boliti moja, kwa kuwa Lugano ndiye aliyeirekebisha kwa mikono yake. Subilaga, ng'ambo ya bonde, alikuwa akiacha kazi ili asikilize. Hakuwahi kusikia injini iliyopatana na hewa ya mlimani namna ile.

Sasa, asubuhi moja ya masika, Ambakisye alisimama mlangoni kwa Subilaga, kofia mkononi. Ndani, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Ilikuwa siku ya tatu tangu Subilaga amzike binti yake, Tusajigwe, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na kuchukuliwa na homa ya siku nne tu.

"Mama, nisamehe," alisema Ambakisye. "Najua huu si wakati wake."

"Sema, baba."

"Ni Sekela, mke wa Gwakisa. Ana uchungu tangu jana. Mkunga anasema mtoto amelala kikingamo, lazima afike hospitali. Daraja limesombwa, gari haliwezi kupita. Imebaki njia ya mlimani kwa pikipiki yangu, nayo haipandi."

Gwakisa mwenyewe alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu. Pikipiki ya Ambakisye ilitoka huko huko bondeni, aliinunua wiki moja kabla. Kila alipoikazia mlima ilitoa moshi mweusi, ikakohoa, ikazima.

Shangazi mmoja alimshika Subilaga mkono. "Mfiwa hanyanyuki kwenye mkeka kabla ya tanga kuvunjwa. Watu watasemaje?"

Subilaga aliuondoa mkono ule taratibu. Alijifunga khanga kiunoni, akachukua sanduku lake, akatoka. Mgongoni alihisi macho ya watu wote wa msiba.

Alifungua plagi. Ilikuwa nyeusi na imelowa. "Huku juu hewa ni nyembamba," alimwambia Ambakisye, "lakini kabureta yako, inayochanganya mafuta na hewa, inamwaga mafuta kama vile bado iko bondeni." Aligeuza skrubu ya hewa. Injini ilitulia, lakini alipovuta mafuta ikazima tena. Shida ilikuwa kwenye jeti, kile kishaba kidogo chenye tundu la kupimia mafuta. Tundu lilikuwa kubwa. Ilihitajika jeti yenye tundu dogo zaidi, na duka la vipuri lilikuwa mwendo wa siku nzima.

Subilaga aligeuka kuangalia ng'ambo ya bonde. Jeti ya namna hiyo aliijua ilipo. Alikuwa akiisikia kila Jumapili.

Waliisukuma pikipiki mpaka ng'ambo. Mwalimu Anyosisye aliwasikiliza sebuleni akiwa amesimama kati yao na pikipiki ya mwanawe. "Ukiifungua," aliuliza, "italia tena kama anavyoijua yeye?" Alimzungumzia Lugano kana kwamba ametoka tu kidogo.

"Sikudanganyi, Mwalimu. Sijui."

Mzee aliweka kiganja juu ya tangi. Kisha akaenda dirishani, akawapa mgongo. "Fungua," alisema. "Ila nisione."

Vidole vya Subilaga vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Alikitoa kile kishaba, akakifunga kwenye kabureta ya Ambakisye, akashusha sindano ya mafuta ngazi moja. Akawasha. Alifumba macho, akageuza skrubu nusu mzunguko, akasikiliza, akairudisha robo. Moshi mweusi ukakata, na injini ikanguruma sawasawa, chini mpaka juu. Mwalimu, aliyekuwa amewafuata nje, aligeuza uso.

Walikwenda pamoja kwa Sekela, wakampandisha pikipiki, wakamfunga kwa khanga mbili kwenye kiuno cha Ambakisye. Uso wake ulikuwa umekauka, lakini sauti yake ilisikika vizuri. "Nikirudi au nisirudi," alisema, "atakayemfikisha mtoto wangu salama ndiye ampe jina. Mwambieni Gwakisa." Wote watatu walisikia.

Katikati ya mlima, kwenye tope, tairi la nyuma liliteleza. Ambakisye aliona pikipiki inalala upande, akausukuma mguu wake wa kushoto chini ili Sekela asiguse ardhi. Kifundo kilivunjika. Mguu huo ndio wa kubadilishia gia. Aliinyanyua pikipiki akipiga kelele za maumivu, na kilometa nane zilizobaki alizimaliza kwa gia namba mbili, mkono wake umetulia kwenye mafuta, injini isizime wala kuruka. Sekela alikuwa akimwambia sikioni, "Twende, kaka. Bado anacheza. Twende."

Mtoto alizaliwa hai, msichana. Sekela alimwona, akamgusa shavu. Damu haikukata. Jua lilipofika utosini alikuwa amefariki.

Gwakisa alifika jioni ya kuamkia mazishi, tope mpaka magotini. Wiki sita baada ya kuzika aliwaita wale watatu, akakaa na mtoto mapajani, kadi ya kliniki mkononi. Juu yake hospitali iliandika tu "Mtoto wa Sekela".

"Mke wangu aliacha neno," alisema. "Jina moja, la mtu mmoja. Nambieni, nani alimfikisha mtoto?"

Ambakisye aliegemea gongo lake. Mguu ulikuwa umeunga vibaya, na ilikuwa wazi kwamba hatabeba abiria tena. "Mimi ndiye niliyembeba," alisema taratibu. "Alinishika mpaka mwisho. Naomba mtoto aitwe Sekela. Jina hilo bado nalisikia sikioni."

Mwalimu alikohoa. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi Subilaga alikuwa ameirudisha jeti kwenye pikipiki yake na kuiwasha. Injini iliwaka vizuri tu, lakini haikuwa sauti ile. Mwalimu alikuwa amesikiliza kidogo, akasema, "Zima," na tangu hapo hakuiwasha. "Mimi nilitoa kilichobaki cha mwanangu," alisema sasa. "Sina tena pa kumsikia. Lugano ni jina la mvulana na la msichana pia. Nisaidie nilisikie likiitwa uani."

Wakamgeukia Subilaga. Alikuwa amejiapiza njia nzima kwamba atanyamaza. Yeye alikuwa na Mungu, alikuwa na kazi yake, ingetosha. Lakini mtoto alipiga chafya, chafya ndogo, na mdomo wa Subilaga ukafunguka wenyewe.

"Nilimwacha binti yangu siku ya tatu," alisema. "Wanawake wa ukoo hawanisalimii mpaka leo, wanasema sikumlilia. Anaitwa Tusajigwe." Akajisahihisha, "Aliitwa."

Hakuna aliyemkatalia mwenzake. Walijua wote kwamba bila jeti sikio lisingefaa kitu, bila sikio jeti ingebaki kishaba tu, na bila mkono ule mtoto angeishia kwenye tope. Gwakisa aliwatazama mmoja mmoja, machozi yakimdondokea mtoto kwenye shuka, na kalamu ikabaki hewani.

Haya, nimefika mwisho wa ninayoyajua. Baba wa mtoto ameshika kalamu, na nafasi kwenye kadi inatosha jina moja tu. Ninyi mliokaa hapa, kila mtu aseme la moyoni mwake: kalamu hiyo ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina gani, na hao wawili wengine ungewaambia nini?