Njia Iliyofagiwa Siku Moja

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma, mmeitikia au mmepiga mwayo? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na shule zao, sange nao walikuwa na yao. Mnamjua sange? Mdogo kama panya, pua ndefu inayochezacheza, miguu myepesi. Hana pembe. Hana meno ya kutisha. Sauti yake haivuki kichaka. Ana njia yake tu, kijia chembamba chini ya vichaka, kutoka nyumbani kwake hadi kwenye ufa wa jiwe kubwa. Adui akija, sange hukimbia njia hiyo, fyuu! huyo kwenye ufa. Njia ikiwa safi, anapona. Njia ikijaa majani, miguu inakwama, analiwa.

Kwa hiyo shuleni kwao somo lilikuwa moja, na kazi ya nyumbani ilikuwa moja. Mwalimu wao alikuwa Bi Kipua, sange mzee mwenye pua iliyopinda. Kila wakiagana aliwaambia:

"Jioni fagieni njia zenu. Kisha zikimbieni, mwanzo mpaka mwisho."

"Ndiyo, Mwalimu!"

"Hata kama jana mlifagia?"

"Ndiyo, Mwalimu!"

Darasani humo alikuwamo Chapuo. Mbio zake, we! Akipita huoni sange, unaona vumbi. Akili nazo alikuwa nazo. Tatizo ni kwamba alijua kuwa anazo. Jirani yake, Mkole, alikuwa mzito. Akikimbia anahema, akifagia ananung'unika. Lakini kila jioni utamsikia, fya, fya, fya, anasukuma majani kwa miguu ya mbele.

Chapuo akifika nyumbani analala chali. Mdogo wake, Tone, anamuuliza:

"Kaka, hufagii?"

"Nitafagia kesho."

Kesho yake:

"Kaka, hufagii?"

"Mtihani bado, mdogo wangu. Majani ya leo nitayafagia pamoja na ya kesho. Ya nini kuchoka mara mbili?"

Tone akaona kaka yake ana akili kweli kweli. Mama yao akasema, "Chapuo mwanangu, leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo." Chapuo akasema, "Mama nawe!" akageukia upande wa pili.

Basi, mtihani ukatangazwa: kila mmoja atakimbia njia yake mpaka kwenye jiwe. Umebaki siku moja. Chapuo akaamka na jogoo. Fya-fya-fya-fya! Hakula. Hakunywa. Miguu ikachubuka. Jua linazama, njia nzima inang'aa.

Asubuhi Bi Kipua akasimama juu ya jiwe, akapiga mguu wa nyuma: pu! Chapuo, fyuu! ameshafika. Wengine wakaja. Mkole naye huyo, pata-pata, pata-pata, wa mwisho.

Chapuo akawa wa kwanza. Akavikwa shada la maua. Tone akazunguka nyumba kwa nyumba: "Kaka yangu ni wa kwanza! Njia ya kaka yangu ndiyo njia!" Chapuo akasikia raha. Mwacheni asikie, raha si dhambi.

Jioni ileile akasikia kwa jirani: fya, fya, fya.

"We Mkole! Unafanya nini?"

"Nafagia."

"Mtihani si umekwisha?"

"Mimi nimesikia," Mkole akasema. "Miti haijasikia."

Chapuo akacheka mpaka akakaa chini.

Siku zikapita. Upepo ukavuma. Majani yakadondoka, pe, pe, pe, juu ya njia ya wa kwanza na juu ya njia ya wa mwisho. Chapuo akiyaona, anayaruka. Akiyaruka, anasema kesho.

Asubuhi moja Chapuo alikuwa juu ya jiwe, anaota jua. Tone na Mkole walikuwa kule bondeni, wanachokora mchwa. Chapuo akaona nyasi zinacheza. Upepo hakuna. Akatazama vizuri. Nguchiro!

Akapiga mguu: pu-pu-pu-pu! Kimbieni!

Wakakimbia. Wakafika kwenye panda, huku njia ya Mkole, huku njia ya Chapuo.

"Tone, twende huku!" Mkole akasema.

Tone hakumsikiliza. Nani afuate njia ya wa mwisho, na kaka yake ni wa kwanza? Akaingia ya kaka yake.

Chapuo alimwona. Amwambie arudi? Sauti yake haifiki. Apige mguu? Mguu una neno moja tu: kimbia! Akapiga, pu-pu-pu! Tone akazidi kukimbia, mbele, ndani zaidi.

Kwacha! Kwacha! Kwacha! Majani mpaka kifuani. Mguu ukakwama.

Chapuo akaruka chini, akaingia njia yake kwa upande wa mwisho, amfuate mdogo wake. Ile miguu myepesi ikazama kwenye majani yake mwenyewe. Hakumfikia.

Nguchiro akauma, kacha! Akapata mkia. Mkia ukakatika. Tone akaponyoka, akajikokota, damu inamtoka, mpaka kwenye ufa. Mkole alikuwa ameshafika. Yeye ndiye aliyemvuta ndani.

Chapuo alilia siku hiyo. Alilia kwa aibu, na aibu ilikuwa yake. Kisha akafagia, kutoka mlangoni hadi kwenye jiwe, hakuacha jani.

"Tone," akaita, "njoo upite. Ni safi."

Tone akaja polepole. Akaitazama njia.

"Ni safi, kaka," akasema. "Hata siku ya mtihani ilikuwa safi."

Akageuka, akapita njia ya Mkole.

Kesho yake Chapuo akafagia. Keshokutwa akafagia. Mtihani hakuna, shada hakuna, wa kumsifu hakuna. Na mpaka leo, ukiinama kichakani, utaona kijia chembamba, safi, na sange mmoja anasukuma majani.

Mnaniuliza, Tone alirudi kupita njia ya kaka yake? Sijui. Mimi nilipoondoka, alikuwa amesimama kwenye panda, anamtazama.

Funzo ni hili, wakubwa kwa wadogo: kazi ya nyumbani si ya mwalimu, wala si ya mtihani. Ni yako, na ni ya yule anayekufuata nyuma. Fanya kidogo, fanya kila siku.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nanyi mnaosema kesho, nawaona.