Blanketi la Baba Mkwe

Hii usiitupe kwenye kundi la ukoo kabla hujaisoma mwenyewe mpaka chini. Najua wapo watakaojiona humu, na watanuna. Wacha wanune.

Palikuwa na mzee mmoja, Mzee Chilongani, dalali wa ng'ombe mnadani. Alikuwa na sauti kubwa, mtu ukiwa mwisho kabisa wa mnada unasikia bei. Kisha akapata saratani ya koo. Madaktari wakamwokoa, lakini sauti iliondoka na ugonjwa. Wakamwachia tundu shingoni, na hapo ndipo alipopumulia.

Pale hospitali alikuwepo afisa ustawi wa jamii, Bi Asteria. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mgonjwa wa namna hii hatoki wodini salama akaenda kufia kwa watu wake. Akaita ukoo. Ukoo ukaja kweli, umejaa mpaka mlangoni, na machungwa na soda, ukiongozwa na Yoramu, mdogo wake mzee.

"Poleni na safari," Asteria akasema. "Naomba wawili wenu wabaki niwafundishe kulisafisha tundu hili, na kumwelewa mzee akiongea kwa mikono."

"Mama, sisi tumekuja kumwona mgonjwa," Yoramu akajibu. "Na gari linatusubiri."

"Basi shikeni hili moja tu. Pua na mdomo havimsaidii tena kupumua. Hili tundu ndiyo pua yake. Msimfunike shingo kwa kitu kizito."

"Tumesikia, mama."

Wakasali sala ndefu, wakapiga picha na mgonjwa, wakaondoka.

Nyumbani mzee akageuzwa kama kiti. Walimjadili akiwa amekaa katikati yao. Wengine walimpigia kelele sikioni, utadhani kilichokatwa ni sikio. Akigonga meza kutaka jambo, analetewa uji. Aliyemtazama mikono akamwelewa alikuwa binti yake Nyemo peke yake, maana mama yake alishafariki.

Nyemo akapata mchumba, Lameki. Siku ya wakwe kuleta mahari, Yoramu akaitisha kikao cha faragha.

"Wakiona hilo tundu watasema ukoo una maradhi," akasema. "Watageuza na ng'ombe wao."

Mzee akatikisa kichwa kwa nguvu, akapunga mikono yote miwili.

"Tulia, kaka. Haya tuachie sisi."

Wakamzungushia skafu shingoni. Hewa ikawa inapita kwa shida. Nyemo hakuona, kwa sababu kwa desturi bibi harusi hukaa ndani na wanawake mpaka aitwe.

Wageni wakaingia, wakakaribishwa. "Kaka ana mafua, sauti imekauka," Yoramu akatangaza. "Mimi nitamsemea." Wageni wakatazamana, wakanyamaza.

Sasa, kule kwao baba mkwe huletewa blanketi, na huvishwa mbele za watu. Mshenga akamwekea mzee blanketi mabegani, taratibu. Yoramu akaona skafu imeanza kuteleza. Akaruka, akalivuta blanketi mpaka kidevuni, akalikaza.

"Tumfunike vizuri, mzee anasikia baridi!"

Vigelegele vikapigwa. Mzee akaanza kupigapiga miguu chini. Wakadhani anacheza, wakazidisha vigelegele. Machozi yakamtoka.

"Machozi ya furaha hayo!" Yoramu akasema, mikono ingali imekaza blanketi.

Nami nawaambia, Yoramu alikuwa anaona. Alikuwa karibu kuliko wote. Lakini angeachia, wakwe wangeona tundu.

Lameki alikuwa amekaa nyuma, kimya, kama bwana harusi anavyotakiwa. Akainuka mbio, akamsukuma Yoramu, akang'oa blanketi na skafu. Akamwinamisha mzee mbele, akalisafisha tundu kwa kitambaa safi mpaka pumzi ikarudi.

"Sasa kaka, mbona hukusema?" Yoramu akafoka.

Jamani! Kumwuliza hivyo mtu ambaye sauti yake ilibaki hospitali!

Mshenga akasimama. "Bwana Yoramu, tundu hilo tulilijua kabla hatujatoka kwetu. Nyemo alitueleza. Na aliyekwenda kwa Bi Asteria kufundishwa, siku nyingi baada ya ninyi kupanda gari lenu, ni huyu kijana wetu. Tulinyamaza kwa heshima yenu. Sasa tunataka jibu la baba mwenyewe. Nani anamsemea?"

Yoramu akaweka koti sawa, akasogea mbele. Mzee akamwinulia kiganja: kaa. Kisha akamnyooshea kidole Lameki, mtu baki, ambaye hata mahari yake ilikuwa haijapokelewa.

Mzee akaongea kwa mikono, kwa muda mrefu. Lameki akatazama, akainamisha kichwa, akaona haya kutamka.

"Sema," mshenga akamwambia.

"Baba anasema anatupatia binti yake." Akamgeukia mshenga. "Na anaomba tukiondoka, tuondoke naye."

Kule kwao, baba kwenda kuishi kwa mkwewe ni aibu isiyofutika. Ukoo mzima ulikuwepo, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumwambia abaki. Mpaka leo Yoramu anawaeleza watu kwamba wakwe wamemroga kaka yake.

Funzo: Mgonjwa aliyepoteza sauti bado anaongea, anayetaka kumsikia atajifunza, na anayelinda jina la ukoo atamkaba mpaka afe huku akisema anampenda.