Nani Akivue Kilemba cha Kamon

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini kwa sababu mimi sikuwepo na aliyenihadithia naye hakuwepo, paliondokea mpiganaji mmoja katika nchi ya Thailand, jina lake Kamon. Haya, kaeni. Wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, usituzibie hewa. Kisa hiki mimi sikipendi. Kila nikikisimulia sipati raha siku mbili nzima. Lakini mmening'ang'ania, basi nitakitoa chote, na mzigo wake nitawaachia nyinyi.

Kule wana mchezo wao wa ngumi. Si ngumi tu, wanapigana kwa mateke, kwa magoti, kwa viwiko. Kabla ya pambano, ngoma na zumari hulia, na mpiganaji hucheza polepole ulingoni kumshukuru mwalimu wake. Wakati huo kichwani amevaa kilemba cha uzi. Wenyewe wana jina lao, mimi nakiita kilemba. Kilemba hicho ni cha mwalimu. Shukrani zikiisha, mwalimu humvua mbele ya watu wote, ndipo pambano lianze. Mtu mwingine hakigusi, ila mtawa wa hekalu anapokibariki. Na kwa kuwa ni kitu cha heshima, hakiwekwi chini wala hakipitishwi chini ya kamba. Na mwanamke haukwei ulingo, wala haugusi. Ndivyo walivyokuwa siku hizo. Ukitaka kugombana, kagombane nao, mimi niache nisimulie.

Kamon alizaliwa mdogo akabaki mdogo. Wazazi wake walikufa kwa homa, akalelewa na dada yake Malai, aliyemzidi miaka minane. Malai alikuwa akiuza wali na kuku wa kuchoma kwenye sherehe za mahekalu, na kwenye sherehe hizo ndiko ngumi zilikopigwa. Kamon akataka kupigana. Kambi ya kwanza ya mazoezi wakamtazama, wakacheka, wakamfukuza. Kambi ya pili wakamtazama, wakacheka, wakamfukuza. Kambi ya tatu ilikuwa ya Mwalimu Thawon, mzee mkali, mchache wa maneno. Thawon akamtazama, asicheke.

"Miguu yake haitulii," akasema. "Huyu namchukua."

Akamsimamisha mbele ya mgomba. Piga teke. Akapiga. Piga tena. Akapiga. Mateke mia mbili kila asubuhi mpaka mgomba ukakatika, akaletewa mgomba mwingine. Miaka kumi hiyo, jamani. Migomba mingapi, mimi sijui.

Kwenye sherehe zile hakuna mizani. Wapiganaji husimamishwa bega kwa bega, wapangaji wa mapambano wakawapima kwa macho: hawa wanalingana, hawa hawalingani. Kamon akawapiga waliolingana naye wote, wakaisha.

"Nipeni mkubwa," akasema.

Wakampa aliyemzidi kichwa. Akampiga.

"Nipeni mkubwa zaidi."

Wakampa aliyemzidi kichwa na mabega. Akampiga.

"Nipeni mkubwa zaidi."

Msidhani ni mlafi wa sifa. Kamon alikuwa hawezi kukaa. Akikaa, anasikia vile vicheko vya kambi mbili. Akila, anakula amesimama. Dada yake akimwambia pumzika, anasema ndiyo dada, huku yuko nje anaruka kamba.

Basi wakampa Decha. Decha alikuwa mbeba magunia ya mpunga, kilo mia moja na mbili, mkono wake mmoja ni sawa na paja la Kamon. Raundi ya kwanza Kamon akatamba. Ya pili akatamba. Ya tatu kengele ikalia, Kamon akageuka kurudi kwenye kona yake, na teke la Decha likampata mgongoni kwa upande, chini ya kwapa. Mbavu tatu zikaenda. Decha aliapa maisha yake yote kwamba mguu ulikuwa umeshaondoka kengele ilipolia. Wengine wanasema aliisikia vizuri sana. Mimi sikuwepo, nimeshawaambia.

Mwalimu Thawon akapanda ulingoni, akamwona mwanafunzi wake anatema damu. Uso ukamwiva.

"Huyu amekwisha," akasema. "Mimi sifundishi watu wafe."

Akakikunja kilemba ndani ya kitambaa, akashuka, akaenda zake. Hospitali hakufika hata siku moja. Naona mmeshaanza kumchukia mzee wa watu. Subirini kwanza.

Miezi mitano Kamon alilala kwa dada yake. Alilala, wapi! Miguu inarusharusha shuka usiku na mchana.

"Dada, nitarudi."

"Hurudi."

"Nitarudi, dada."

"Basi ukirudi, urudi na akili," Malai akasema, na hapo akaweka kijiko chini, akakaa mbele yake. "Nimekutazama miaka kumi, mdogo wangu. Unajua nakutazamia wapi? Chini, kwenye jiko langu, kwa sababu huko juu siruhusiwi. Nyinyi wote mnatazamana macho. Mimi naona miguu tu. Mtu mkubwa hawezi kupiga mpaka kwanza akanyage. Lile jitu lako, kabla ya kila teke, vidole vya mguu wa kushoto vinajibana chini. Kila teke! Nilikupigia kelele, hukunisikia. Usimtazame macho. Mtazame mguu aliousimamia, umpige huo huo kabla hajauinua mwingine."

Kamon akaitazama miguu yake. Miaka kumi ya migomba, na hilo hakuna aliyewahi kumwambia. Mwalimu wake alikuwa akitazama kutoka juu kama wanaume wote.

Lakini atajifunzia kwa nani? Mgomba haukanyagi. Siku ya pili yake mlango ukabishwa, na aliyepiga magoti pale nje na kapu la matunda alikuwa Decha. Malai akachukua mwiko ampige nao.

"Mwache, dada," Kamon akasema. "Decha, bado una kilo mia?"

"Bado," Decha akasema, macho chini.

"Ingia."

Ndivyo walivyoanza. Decha anakanyaga, Kamon anapiga. "Umeniona?" "Nimekuona." "Haya tena." Decha anakanyaga, Kamon anapiga. "Umeniona?" "Nimekuona." "Haya tena." Malai amekaa chini anatazama miguu, anakemea. Mwaka mzima. Siku moja teke likaingia sawasawa, goti la Decha likalia kwa sauti ambayo Malai hakuisahau. Decha hakupigana tena maisha yake, wala gunia hakubeba tena. Alikaa nyumbani wiki tatu. Wiki ya nne akaja anachechemea, akasema, "Mguu wa kulia bado mzima. Tuendelee."

Kamon akarudi ulingoni. Alikwenda nchi za mbali, Decha akimsimamia kwenye kona yake, kwa watu wasiojua habari za kilemba, akapigana kichwa wazi. Akaangusha jitu la kwanza, la pili, la tano. Watu walinunua tiketi waone anavyokufa, wakatoka wamekauka koo kwa kushangilia. Lakini wenzake wa nyumbani wakawa wanamnong'ona: kichwa wazi, hana mwalimu, alitupwa. Hilo lilimchoma kuliko mbavu. Akishinda leo, kesho yumo safarini. Hakukaa mji mmoja siku tatu.

Mwaka wa tatu tangu avunjike mbavu, jicho lake la kulia likaingia ukungu. Daktari akamwambia, pambano moja tu, basi, na hilo moja nalo angemshauri aliache. Kamon akachagua kulipigania nyumbani, kwenye uwanja mkubwa, saa tisa mchana, na mtu wa ng'ambo mwenye kilo mia moja na ishirini. Na nyumbani huingii ulingoni kichwa wazi.

Asubuhi ya siku hiyo, chumbani kwa wapiganaji, Malai akatoa kitambaa kwenye kapu lake la wali, akakifungua. Kilemba!

"Umekipata wapi?"

"Mwalimu wako alikituma," Malai akasema. "Siku ya tatu baada ya kuvunjika. Alisema, mwambie nilisema vile kwa hofu, nikaona haya kuja. Arudi nyumbani. Akatuma mtu tena mwezi uliofuata. Akatuma tena. Nikawarudisha wote. Niliogopa utarudi kwake akuue."

"Miaka mitatu, dada?"

"Miaka mitatu."

Kamon alizunguka kile chumba, akagonga ukuta, akakaa, akainuka. Hakumtukana, lakini hakumtazama. Mtawa mzee wa hekalu akaja, akakibariki kilemba, akamvisha, akaenda zake. Watawa hawakai kutazama ngumi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Kamon akapanda. Ngoma na zumari zikalia. Akacheza shukrani zake, akazunguka pembe zote nne, akaja kwenye kona yake, akainamisha kichwa kivuliwe kilemba. Na mikono ikaja. Mkono wa Mwalimu Thawon, ambaye alikuwa ameketi mstari wa nyuma na sasa amepanda ngazi anahema. Mkono wa Decha, aliyekuwa kwenye kona kama siku zote. Na chini, nje ya ulingo, mkono wa Malai, umeishika kamba ya chini ambayo hakuwahi kuigusa maishani.

"Kilemba ni changu," Thawon akasema. "Kambi mbili zilikucheka, mimi nikakuchukua. Teke unalowapigia hawa watu, nani alikupa? Niliondoka, ndiyo, nilikosa. Nikatuma watu mara tatu kukuomba. Mtu aliyeomba mara tatu na akafichiwa, ana kosa gani tena? Mwanangu, usinivunje uso mbele ya watu. Ni mara ya mwisho."

"Mwalimu alikupa teke," Decha akasema. "Dada amekupa macho. Mimi nimekupa goti. Kila jitu uliloangusha, uliliangusha kwangu kwanza. Wao walisema piga, aliyepigwa ni mimi. Kona hii nimesimama miaka yote hiyo, kona za nchi ambazo hawa wawili hawazijui hata majina."

Watu wakacheka kwa dharau. "Ndiye aliyemvunja!" mmoja akapaza sauti. "Amemvunja, leo anataka kuitwa mwalimu!"

"Nilimvunja," Decha akasema. "Na ninachechemea. Nipeni kingine cha kulipa, nitalipa."

Refa akaitazama saa. Akamwona Malai na kamba mkononi, rangi ikamtoka. "Mama, achia hiyo kamba! Wewe ukikigusa kilemba, pambano limefutwa!"

"Nimesikia," Malai akasema. "Kamon, mdogo wangu, inama mpaka huku chini, nikuvue mimi. Nimekulea. Nikakufundisha kile ambacho wanaume mia waliokaa juu hawakukiona. Nilikuficha ujumbe, sikatai, na ukinichukia nitakufa nalo. Lakini usinidhulumu mbele ya watu wote hawa kwa sababu mimi ni mwanamke."

"Uongo!" Thawon akafoka. "Anataka pambano lifutwe tu! Anaogopea jicho lako!"

"Nataka lifutwe," Malai akasema, machozi yanamtoka na hayafuti. "Nataka, na pia nastahili. Yote mawili ni kweli."

Uwanja mzima umesimama. Huku wanapiga miluzi, huku wanapiga viti. Na wewe pale, nakuona, umefungua mdomo useme ajivue mwenyewe. Funga. Kule anayejivua mwenyewe amesema hana mwalimu, na asiye na mwalimu hapigani kwenye uwanja ule. Na wewe utasema wakishike wote watatu. Ni uzi mkuukuu, wakikivuta watatu kitabaki nini? Na msiniulize kama alishinda, nani alishinda, jicho lilikuwaje. Hapo nilipofikishwa na aliyenihadithia ndipo nilipowafikisha.

Akimwinamia mzee, mzee atarudishiwa uso wake, na Malai atarudi jikoni kwake bila mtu kujua alichofanya. Akimpa Decha, watu watasema kumvunja mtu nako ni kumfundisha. Akiinama kwa dada yake, amelitupa pambano la mwisho la maisha yake na ametia najisi kilemba cha mwalimu aliyemwomba msamaha mara tatu. Na yeye mwenyewe amenong'ona, wote watatu wamemsikia: "Nitapiganaje leo, nami nimemdhulumu mtu kwa kichwa changu?"

Wapiga ngoma wamechoka. Mmoja ameshaweka fimbo zake chini. Zumari imebaki peke yake, na pumzi ya mpigaji inakwisha.

Haya, semeni, msitazamane! Kati ya mikono hiyo mitatu, nani alistahili kukivua kilemba cha Kamon?