Mkawasi Alilala Katikati ya Swali

Sogeeni. Mwenye jibu tayari akae mlangoni, maana hadithi hii itamtoa nje amekasirika. Asiye na jibu aje huku mbele, kuna joto.

Palikuwa na kijiji juu ya mlima ambako ukungu uliishi kama mwenye nyumba. Uliingia ulipotaka, ukakaa ulipopenda, ukameza nusu ya zizi na kuacha nusu. Jirani akikujia, kwanza ilitokea kofia, kisha ikaja salamu, mwisho akaja mwenyewe. Watu wa huko walizoea tangu utotoni kutouona mwisho wa jambo, na hawakuona ajabu.

Katika kijiji hicho aliishi msichana aitwaye Mkawasi, na usingizi ulimjia kama ukungu ulivyoujia mlima. Haukuwa uvivu. Mvivu hulala akiona kazi. Mkawasi alilala hata katikati ya kicheko chake mwenyewe, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni. Shuleni mwalimu aliona ni dharau, akamrudisha nyumbani na ujumbe kwamba aje tena akishaamka. Daktari wa bondeni hakuona dharau. Yeye aliupa ugonjwa jina, na jina lenyewe lilikuwa refu kiasi kwamba Mkawasi alilala kabla halijaisha.

Basi akasomeshwa nyumbani, na watu watatu. Kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Mama yake, Mshai, alikuwa na kipawa cha kurahisisha. Jambo gumu likipita kinywani mwake lilitoka limemenywa. (Wako watu wenye shahada za kufanya kinyume chake, lakini tuwaache wapumzike.) Hesabu za sehemu alizifundisha kando ya mfereji, mahali maji ya kijiji yalipofunguliwa kwa zamu, shamba baada ya shamba.

"Hii ni zamu yetu nzima," alisema. "Tukigawana na jirani, tunabaki na nini?"

"Nusu."

"Na hiyo nusu yetu, shangazi akija naye anataka sawa na sisi?"

Mkawasi aliyatazama maji yanavyopasuka juu ya jiwe. "Robo," akasema, "na ugomvi."

Bibi yake, Wakio, mama yake Mshai, alikuwa na kipawa cha kuhifadhi. Usingizi ule haukumchukua Mkawasi peke yake. Ulimpora na alichokuwa ameshika. Aliamka bila kujua kama alikuwa anasoma au anakula. Bibi Wakio alikuwa msusi wa vikapu vya katani, akaanza kusuka kikapu kimoja kisicho cha kuuza. Kila mjukuu alipolala, bibi aliingiza kikapuni pale somo lilipokatikia: uzi mwekundu kwa hesabu, uzi mweusi kwa kusoma, fundo dogo kwa neno la mwisho. Mkawasi alipoamka alipapasa kutoka kitakoni kupanda, mzunguko kwa mzunguko, hadi vidole vikakutana na fundo. Hapo uso wake ulifunguka. "Aha. Tulikuwa hapa."

Mjomba wake, Maghanga, kaka yake Mshai, alikuwa na kipawa cha kuita. Mkawasi hakuwa mtu wa kutikiswa. Ukimshtua, aliamka akilia, na siku nzima ikawa imeharibika. Lakini Maghanga alikuwa amechunga mbuzi ujanani, na kwenye mlima wa ukungu mbuzi hafuatwi, maana ukimfuata anakimbilia gengeni. Unasimama mbele yake, mbali, unapiga mluzi wa chini, mrefu, kisha unangoja. Maghanga alimwita mpwa wake vivyo hivyo. Alitoka nje, akasimama ng'ambo ya dirisha, akapiga mluzi, akangoja.

"Huko unakokwenda kukoje?" alimwuliza siku moja.

"Kuna uwanda mweupe, Mjomba. Namba zinakula majani, na herufi zimelala chini zimekunja miguu. Mimi nakaa nazo. Halafu nasikia njia."

"Unaiona njia?"

"Naisikia."

Basi ndivyo walivyoishi, wanne katika chumba kimoja, siku zikifuatana taratibu kama mtu anayepanga mito kitandani. Mshai alikuwa ameacha kazi ya duka la dawa bondeni. Bibi Wakio alikuwa ameacha kusuka vikapu vya sokoni. Maghanga alikuwa ameacha mgodi wa vito. Mapenzi yalikuwa tele. Ila mapenzi hayapikwi, na ghala lilikwisha kuanza kuonyesha sakafu.

Ndipo serikali ikatangaza ufadhili. Mtoto ambaye ugonjwa umemzuia kukaa darasani, gharama za kumsomesha nyumbani zingelipwa na mfuko wa umma. Jina la Mkawasi likapelekwa, na afisa akapanda mlima kuja kuona.

Aliitwa Bwana Mwaluma. Alifika viatu vimelowa, miwani imepofuka kwa ukungu, mtu mpole aliyeamini kwamba dunia ingekwenda vizuri kama watu wangejibu walichoulizwa. Akanywa chai, akashukuru, akatoa kalamu.

"Haya. Ni nani anayemfundisha mtoto huyu?"

Sasa, kwa watu wa mlima ule, kujitaja mbele ya mgeni ni sawa na kutia mkono sahanini kabla yake. Ukiulizwa nani amepika, unamtaja mwenzako hata kama bado una unga viganjani.

"Ni mama huyu," alisema Mshai, akimwonyesha Bibi Wakio. "Mimi napiga domo tu."

"Mimi tena? Mimi nasuka," alisema Bibi Wakio. "Muulize Maghanga, ndiye mwenye mtoto."

"Bwana Afisa, mimi napiga mluzi," alisema Maghanga. "Mwalimu ni dada."

Bwana Mwaluma aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwa hiyo," akasema kwa huzuni ya kweli, "hakuna anayemfundisha." Akaanza kufunga mkoba.

Adabu ni vazi zuri, lakini anayezama hulivua. Wale watatu walikaa wameshikana kwa adabu zao, wanatazama bahati ikifungwa zipu. Mkawasi ndiye aliyeongea.

"Shikamoo. Niulize mimi. Niulize kitu ninachotakiwa kukijua."

Afisa akasita. Kanuni zilimruhusu kumpima mtoto. Akafungua tena mkoba, akatoa karatasi ya maswali, akasoma.

Mkawasi alijibu la kwanza akiwa anachungulia nje. Alijibu la pili kabla afisa hajamaliza kulisoma, na afisa akamwomba awe na subira. La tatu lilikuwa refu, swali la wakulima wanaogawana maji, na mmoja wao anataka kumpa nduguye sehemu ya sehemu yake. Afisa alisoma kwa sauti nzuri. Ukungu ulikuwa umefika kizingitini. Alipoinua macho, mtahiniwa alikuwa ameweka shavu juu ya meza na hayupo.

"Pole sana," alisema Bwana Mwaluma. "Mtihani umekwisha."

"Haujaisha, Bwana Afisa," alisema Mshai. "Umelala."

Maghanga alikuwa amekwisha toka. Kutoka ng'ambo ya dirisha, ndani ya weupe, mluzi ulikuja chini kwa chini, mrefu, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye pamba. Ukanyamaza. Hata afisa alijikuta anangoja, bila kujua anangoja nini. Kope za Mkawasi zikacheza. Akainua kichwa, akawatazama wote kama watu aliopata kuwaona sokoni mara moja.

Bibi Wakio aliweka kikapu magotini pake. Vidole vikaanza kupanda, nyekundu, nyeusi, nyekundu, vikafika ukingoni, kwenye fundo ambalo bibi alikuwa amelikaza dakika hiyo hiyo, uzi wake bado unaning'inia.

"Maji," alisema Mkawasi. "Mtu anampa ndugu yake sehemu ya sehemu yake." Akafumba macho, na mama yake alijua anautazama mfereji ukipasuka juu ya jiwe. Akajibu. Jibu lilikuwa sahihi. Afisa alilikagua mara mbili, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amelikosea.

"Mtoto huyu anastahili," akasema. "Hilo sina shaka nalo. Mfuko utamlipa mwalimu wake wa nyumbani, ili akae naye asitafute kazi nyingine. Kuna nafasi ya jina moja."

"Moja?"

"Moja, mama. Mwalimu wa nyumbani."

Najua, yuko mjanja hapo nyuma anataka kusema: waandike jina moja, wagawane watatu. Maghanga naye alikuwa mjanja, akalisema. Afisa akatikisa kichwa. Malipo yale yangemtosha mtu mmoja kukaa nyumbani na kumlisha mtoto. Ukiyakata vipande vitatu, hakuna hata mmoja ambaye angeweza kukaa. Duka la dawa lilikuwa limemwita Mshai arudi, mgodi ulikuwa umemwita Maghanga, na tajiri wa vikapu alikuwa amemwambia Bibi Wakio ashuke akasukie kiwandani, alale huko huko. Atakayeandikwa angebaki mlimani na Mkawasi. Wawili wangeshuka.

Hapo adabu ikaisha. Ilichelewa, lakini ilipoisha, iliisha yote.

"Ni mimi," alisema Mshai. "Tusidanganyane. Bila mimi mngemwamsha aje asome nini? Mama, ungefunga fundo la nini? Ungekuwa na kikapu kizuri chenye hewa."

"Ni mimi," alisema Bibi Wakio. "Bila mimi, binti yangu, ungemfundisha somo lile lile kila asubuhi mpaka uote mvi kama zangu. Kumwaga maji ni kazi, sikatai. Lakini nani ameshika mtungi?"

"Ni mimi," alisema Maghanga. "Bila mimi, mwalimu na mtungi wake mngekuwa mnamfundisha godoro."

"Hata jogoo anaamsha," alisema Bibi Wakio, "na hatujawahi kumlipa."

"Jogoo hamwamshi Mkawasi, mama. Ulijaribu. Jogoo akalala."

Afisa alicheka, akajizuia, akafuta miwani. Mshai hakucheka. Alikuwa anaukumbuka mwaka ule wa kwanza, kabla kaka yake hajapanda kutoka mgodini, kabla kikapu hakijaanzwa, alipokuwa peke yake na mtoto, akifundisha asubuhi, na jioni anakuta hakuna kilichobaki. Aliukumbuka vizuri. Hakuutaja.

"Na mimi je?" alisema Mkawasi.

Wote wakageuka.

"Nyinyi wote mmekaa hapa hapa. Mama anakaa, Bibi anakaa, Mjomba anasimama dirishani. Mimi ndiye ninayekwenda na kurudi. Mluzi hauji kunibeba. Naufuata mwenyewe, na huko ni mbali. Mbona hamniandiki mimi?"

Hata kwa watu waliozoea kutouona mwisho wa mambo, lile lilikuwa jambo jipya.

"Mtoto hawezi kulipwa kwa kujifunza," alisema afisa taratibu. "Lakini kanuni hazisemi kwamba hawezi kuulizwa. Basi tufanye hivi. Mwalimu wako ni nani, mwanangu? Taja jina moja, nami nitaliandika, nishuke kabla njia haijapotea."

Mkawasi alimtazama mama yake. Akamtazama bibi yake. Akamtazama mjomba wake. Akafungua kinywa. Ukungu ulikuwa umekwisha vuka kizingiti, umeingia hadi miguuni mwa meza, umelala hapo kama mbuzi. Kichwa cha msichana kikashuka juu ya mkono wake, polepole, na jina likashuka naye.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nitakapowaacha.

Maghanga alitoka akasimama ng'ambo ya dirisha. Alilowanisha midomo. Lakini hakupiga mluzi upesi, kwa kuwa safari hii alikuwa anamwita mtoto aje ataje jina, na huenda jina lisiwe lake.

Bibi Wakio alishika kikapu na uzi. Mkawasi akiamka hatakumbuka swali. Atasoma kitakachofungwa ukingoni, na atakiamini, kwa kuwa hajawahi kudanganywa na kikapu. Kidole cha bibi kilikuwa juu ya katani, na zaidi ya mtoto aliyelala, hakuna mwingine chumbani aliyejua kulisoma fundo.

Mshai alivuta kiti karibu. Yeye ndiye aliyeachiwa na afisa kuuliza tena, na alijua, kama anavyojua mtu mwenye kipawa chake, kwamba swali likimenywa kwa upande mmoja, jibu huangukia upande huo huo.

Kila mmoja alimhitaji mwenzake ili tu mtoto aulizwe. Kila mmoja aliweza kuliharibu jibu, na asijulikane kamwe.

Bwana Mwaluma alingoja, kalamu hewani. Wino hukauka haraka mlimani, na njia ya kushuka ilikuwa imebaki nusu.

Haya, nimemaliza sehemu yangu. Mmoja akae, wawili washuke. Au andikeni jina la msichana mwenyewe, mkaigombanie kanuni na walioitunga. Msiniambie kwamba wote wanastahili, hilo tunalijua tangu mwanzo, na halijawahi kumlisha mtoto. Wewe uliye karibu na mlango, uliyekuja na jibu lako tayari, mbona sasa umenyamaza? Pokea kalamu hii. Mtoto bado amelala, na nafasi ni ya jina moja.

Unaandika la nani?