Jina Refu la Sabuni ya Mwavita

Jina lisilobebeka mdomoni halifiki mlangoni. Methali hiyo mmeisikia leo, mkacheka, na sasa mnataka kujua nani aliyeisema kwanza. Vizuri, kuuliza si ujinga. Sogeeni, na wewe weka hiyo simu chini. Asili yake ni hii.

Ujiji palikuwa na mwanamke akiitwa Mwavita, mpishi wa sabuni za mawese. Akichemsha, akikoroga, akimimina, akikata vipande, kisha akiviacha vikauke wiki nne nzima kabla hajamuuzia mtu. Aliipenda kazi hiyo mno. Tatizo lilikuwa chumba cha kupikia. Kilikuwa cha kaka yake, Kashindi, aliyeishi Tabora, naye Kashindi alikuwa amempigia simu: "Mdogo wangu, sabuni zako zinaishia mtaani kwetu. Nikija Idi nikakuta bado haziuziki nje ya Ujiji, chumba nawapa wapangaji."

Mwavita alilia, akanyamaza, akaenda kwa Sadala, fundi wa tovuti. Sadala akamweleza kwamba tovuti ni duka, na duka lataka anwani: jina moja ambalo watu wakiliandika kwenye simu wanafika. "Kalichague, dada. Usikimbilie."

Hapo ndipo alipokosea. Katika ukoo wao, mtoto akizaliwa kila mkubwa huleta jina lake, na hakuna jina linalokataliwa. Mwavita mwenyewe alikuwa na majina matano. Basi akaona tovuti nayo ni mtoto. Akawaita wakubwa, akawapikia wali kwa migebuka, samaki wa ziwani. Bibi yake, Bibi Mgeni, akatoa "baraka". Mjomba Feruzi akasema marehemu babu, Mzee Songoro, asisahaulike. Mama mdogo Zena akataka neno "asilia" liwemo, na wajukuu watajwe. Nani angekataliwa? Mwavita akampelekea Sadala karatasi imeandikwa: sabuniasiliayamawesebarakayamzeesongoronawajukuu.

Sadala akaisoma mara mbili, akakuna kichwa. "Dada, hili ni jina au hotuba?"

"Ni la ukoo."

"Haya. Halijachukuliwa na mtu," akasema, "wala sishangai."

Tovuti ikafunguliwa. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Ramadhani ikaingia. Ajabu ni kwamba wateja wa mtaani waliapa kuwa wanamwambia kila mtu. Sasa hilo jina linapotelea wapi? Mwavita akashikwa na udadisi hata huzuni ikakaa pembeni. Asubuhi moja akaamua kulifuata jina lake, kama mtu anayemfuata mbuzi aliyekata kamba.

Alianza kwa Tumaini, muuguzi, mteja wake wa siku nyingi. "Dada, habari za sabuni yangu ulimwambia nani?"

"Mama Rehani, yule mshona nguo wa sokoni."

"Na anwani ulimtajia?"

"Nilimtajia! Nikafika kwenye Songoro, mgonjwa akaniita."

Mwavita akaenda sokoni. Mama Rehani akasimamisha cherehani. "Anwani? Mwanangu, mie nilishika 'baraka' tu. Nikaiandika kwenye simu, ikaniletea mahubiri."

Mwavita akacheka huku moyo unamuuma. "Kwa hiyo mtu akikuuliza, unamwambia nini?"

"Namwambia atafute Povu la Ujiji. Si ndivyo tunavyoiita sote hapa sokoni? Hukujua?"

Hakujua. Wanaoifulia walikuwa wameshaipa jina, mwenye sabuni hana habari.

Jioni, baada ya kufuturu, akawakusanya wakubwa tena. Aliogopa kwelikweli, maana kwao kumrudishia mkubwa jina alilolitoa ni kumvunjia heshima. "Wakubwa zangu, nisameheni," akasema. "Nataka kuliacha jina mlilonipa."

Mama mdogo Zena akawaka. "Ala! Tumekupa baraka, wewe unazitema?"

Mwavita akamgeukia bibi yake. "Bibi, nakuomba unitajie anwani yangu yote. Mara moja tu."

Bibi Mgeni akajikohoza. "Sabuni asilia ya mawese... baraka... ya Mzee..." Akatazama dari. "Zena, kinafuata nini?"

Zena akarudi kwenye "asilia" yake, akakwama. Mjomba Feruzi akajaribu, akawakumbuka wajukuu, akasahau mawese. Bibi akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Loo! Sisi tulioliweka limetushinda, sembuse mpita njia? Mjukuu wangu, jina lisilobebeka mdomoni halifiki mlangoni. Nenda kalibadilishe."

Kesho yake Sadala akatafuta povulaujiji, akalikuta halina mwenyewe, akaliandikisha papo hapo. Mwavita akapita kwa wateja wake wote kuwaambia. Safari hii hakuna aliyeomba karatasi ya kuliandika.

Idi ikafika, na Kashindi akaja kwa treni. Mwavita alikuwa chini, anafunga vifurushi vya kupeleka Mpanda. Hakuwa amemwambia kaka yake lolote. Akamwona kasimama kizingitini, akaingiwa na hofu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hebu nieleze. Ndani ya behewa, tangu Tabora, wanawake wawili wanabishana habari za sabuni. Mmoja kaniagiza kabisa, 'Ukifika Ujiji, ulizia Povu la Ujiji.' Nimeuliza stesheni, nikaelekezwa. Nimeuliza sokoni, nikaelekezwa. Kila nikielekezwa nasogea kwetu, sasa nimeishia hapa. Ni nani huyo?"

"Ni mimi, kaka."

Kashindi akamtazama, akavitazama vifurushi. Akavua viatu, akaketi kando yake, akavuta karatasi na kuanza kufunga. Habari za wapangaji hakuzitaja tena.

Ndiyo hiyo, wanangu. Jina la kwanza lilikuwa na baraka za wazee wote, likakwama kwa mshona nguo. La pili lilimleta hata yule aliyekuja kufunga duka. Jina lisilobebeka mdomoni halifiki mlangoni.