Mwewe Aliyepimwa kwa Futi

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wahenga waliotuachia maneno haya walitaka kumwonya mpita njia asitazame jambo lililokamilika akadhani lilijikamilisha lenyewe. Kila kilichosimama vizuri kina mtu aliyekiinamia. Wengi wetu tuliikariri methali hii tukiwa darasani tukaishia hapo. Kinyozi mmoja aliielewa siku alipoingiza kidole chake kwenye tundu la waya.

Kinyozi huyo alikuwa na duka dogo kando ya barabara yenye kelele, ubavuni mwa fundi viatu. Kutoka kwenye kiti chake cha kunyolea aliweza kuiona vizuri nyumba iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Aliishi mshonaji hapo, mama wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Futi, kwa kuwa futi ya kupimia nguo haikushuka shingoni mwake ila wakati wa kuoga. Na hata hilo la kuoga, watani walilitilia shaka.

Pembeni mwa nyumba yake Mama Futi alikuwa na kizimba cha ndege, kikubwa kama chumba cha kulala mtu mmoja. Humo waliishi chiriku kumi na wawili, wa manjano kama kiini cha yai, na tangu jua lichomoze waliimba kama waliolipwa. Wapita njia walipunguza mwendo. Wenye haraka waliisahau haraka yao.

Juu ya nguzo ya umeme jirani na hapo, mwewe naye alikuwa na mahali pake. Alikaa ametulia tuli kama mteja anayesubiri zamu. Vifaranga wa mtaa walimjua. Njiwa wa fundi viatu walimjua pia, wale wawili waliobaki. Lakini kwa miaka sita hakuna aliyemwona mwewe huyo akichukua hata unyoya mmoja katika kizimba cha Mama Futi.

"Bahati tu," walisema watu.

"Bahati gani? Ana dawa yule," wengine walinong'ona.

Mama Futi aliwasikia wote, kwani dirisha la chumba chake cha kushonea lilikuwa wazi. Aliendelea kukanyaga cherehani.

Nyuma ya duka la kinyozi, katika chumba chenye dirisha moja, alilala mama yake mzazi. Ulikuwa mwaka wa pili tangu upande wake wa kushoto ukatae kazi. Ulimi ulisalimika, na ulikuwa ulimi wa watu watatu. Kutoka kitandani alijua nani dukani kanyolewa vibaya, nani kaondoka akinuna, na alitoa hukumu kwa sauti mpaka wateja walicheka. Mama Futi, aliyekuwa mwenzake wa miaka mingi, alimletea chiriku wawili katika tundu dogo, dume na jike. Mgonjwa, ambaye wateja wote walimwita Bibi, aliwaita Bwana Harusi na Bibi Harusi.

Mwanzoni waliimba. Lakini chumba kilikuwa na giza, na baada ya miezi michache manyoya yao yalififia kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Kisha wakanyamaza.

"Wanataka jua hawa," Bibi alimwambia mwanawe. "Wajengee hapo uani, mbele ya dirisha langu, niwaone. Mimi sitoki tena. Wao ndio miguu yangu. Wakinyamaza hawa, mwanangu, na mimi nitanyamaza."

Kinyozi alimpenda mama yake kama mboni ya jicho. Jioni hiyohiyo alivuka barabara, mashine ya kunyolea ikiwa bado mfukoni.

"Mama, shikamoo. Nataka kujenga kizimba kama chako."

"Marahaba. Cha lini?"

"Cha Jumapili hii."

Mama Futi alitabasamu, pini tatu zikiwa midomoni. Alizitoa moja moja akazichoma kwenye kifuko chake. "Kitendawili!"

"Ah, mama! Nina mtu kwenye kiti, nimemwacha nusu kichwa."

"Kitendawili, nimesema."

"Haya, tega."

"Nyumba yangu ina kuta mbili. Jirani yangu huitazama kutwa, na hajawahi kuhesabu zaidi ya mmoja."

"Yai!"

"Umekosa."

"Basi mtu aliyevaa koti juu ya shati. Nipe jibu, mama, nakupa mji."

"Siupokei. Hujashindwa wewe, una haraka tu. Njoo Jumamosi na ngazi, nikuonyeshe. Ni kazi ya wiki mbili."

"Wiki mbili!" Kinyozi alicheka mpaka akashika mlango. "Mama, mimi kichwa kizima ni dakika kumi, na ndevu juu yake!"

Jumamosi, kama mjuavyo, ndiyo siku ya vichwa. Kinyozi hakwenda. Badala yake, kila mteja mmoja alipotoka na kabla mwingine hajaingia, aliketi kwenye kiti chake, akakitazama kizimba cha ng'ambo kwa jicho la fundi. Alihesabu nguzo: sita. Mabati: nusu ya paa. Waya, rangi ya kijani, kichaka kimoja pembeni. "Kumbe ni hivyo tu," alijisemea.

Jumapili alijenga. Jua lilipotua kizimba kilikuwa kimesimama mbele ya dirisha la Bibi, kijani kibichi, kinang'aa. Mama Futi hakuambiwa. Alikuwa amezama katika sare za shule, na kinyozi alitaka kumshangaza.

Ili kumaliza ujanja wa mwewe kabisa, kinyozi alitengeneza sanamu ya kutisha ndege, akaivika shati lake kuukuu, na kichwani akaibandika nywele alizozifagia dukani za wateja wa wiki nzima. Nyingine nyeusi, nyingine za mvi, nyingine zimepakwa rangi.

"Huyu kanyolewa na nani?" aliuliza fundi viatu aliyekuja kuchungulia.

"Na mwanangu, bila shaka!" Bibi alijibu toka dirishani. "Humtambui kwa ubaya wa kichwa?"

Siku nane zilipita kwa furaha. Bwana Harusi aliimba asubuhi, Bibi Harusi akamjibu, na mgonjwa akala sahani nzima. Mwewe aliiogopa sanamu siku mbili. Siku ya tatu aliizungukia kwa mbali. Siku ya saba alitua juu ya kichwa chake chenye nywele za watu arobaini, akajikuna.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, kunguru walipiga kelele. Bibi aliinua macho akaona kivuli kinashuka. Chiriku wakiogopa hupaparika ovyo kisha hung'ang'ania waya, na hivyo ndivyo alivyofanya Bwana Harusi. Alijibandika kwenye waya kifua kikitweta. Mwewe hakuhitaji kuvunja chochote. Alipenyeza mguu mmoja katika tundu la waya kama mtu anayetoa embe mfukoni, akakaza kucha.

"Mwanangu! Mwanangu weee!" Bibi alipiga fimbo yake kwenye kizingiti cha dirisha, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Miguu ilikataa. Kinyozi alipofika mbio, mwewe alikuwa amekwenda zake. Ndani ya kizimba Bwana Harusi alikuwa chini, na Bibi Harusi amejikunyata kwenye kona, hai, mkia umenyofoka nusu.

Siku hiyo Bibi hakutoa hukumu yoyote dukani. Wala siku ya pili. Bibi Harusi alirudishwa kwenye tundu dogo chumbani, na wawili hao wakatazamana kimya. Siku ya tatu Bibi alikula vijiko viwili, akageukia ukuta. Ulimi wa watu watatu ulikuwa umelala. Wateja walinyolewa kimya kimya, wakaondoka wakitembea kwa ncha za vidole kama wanaotoka kwenye matanga.

Kinyozi alifunga duka, akavuka barabara. Mkononi alikuwa na unyoya mmoja wa manjano. Alisimama mlangoni pa Mama Futi kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mama," alisema, "kile kitendawili. Nimeshindwa. Nakupa mji."

Mama Futi alisimamisha cherehani. Alikwisha kusikia habari. Hakusema "nilikwambia", hata neno lenyewe halikupita usoni mwake. "Sasa naupokea," alisema kwa upole. "Nimefika katika mji wako, nimekuta watu wema na wenye haraka. Njoo, mwanangu."

Alimpeleka kwenye kizimba. "Tia kidole."

Waya ulikuwa na matundu madogo, yaliyotosha kifungo cha koti kupita. Kinyozi alitia kidole chote. Hakikugusa kitu.

"Kidole chako kifupi. Una kitana chenye mkia? Tia."

Alitia mkia wa kitana chake. Ukaingia wote, nao pia ukaelea hewani. Ndipo alipoinama, akasogeza uso karibu na waya, akaona. Nyuma ya waya wa kijani kulikuwa na waya mwingine, uliopakwa rangi nyeusi, umelingana tundu kwa tundu na ule wa nje. Kwa mtu wa barabarani zilikuwa kuta mbili zilizoonekana ukuta mmoja.

"Kwa nini mweusi?"

"Mweusi haumetimeti. Ndege wanaona nje vizuri, nami nawaona wao."

"Na nafasi hii katikati?"

"Inchi sita. Mguu wa mwewe, toka paja mpaka ncha ya kucha, ni inchi nne na nusu."

Kinyozi alimtazama. "Umejuaje?"

"Nilimpima."

"Ulimpima mwewe?"

"Mwaka wa kwanza alijigonga kwenye kioo cha dirisha langu, akaanguka amezimia. Nikamfunika kitambaa usoni, nikampima mguu, nikamweka ukutani. Alipozinduka akaniangalia vibaya, kama wale wateja wasiopenda kuambiwa kiuno kimeongezeka. Kisha akaruka. Nami nikaongeza inchi moja na nusu. Nguo yoyote huachiwa nafasi, mwanangu."

Alimwonyesha mengine, na kila moja lilikuwa na sababu yake. Vijiti vya ndege kutulia vilikuwa katikati, mbali na waya, ili anayesinzia asisinzie ukutani. Kichaka kilipandwa chini ya mabati, kwa kuwa ndege mwenye pa kujificha hang'ang'anii waya. Mlango ulikuwa na mlango mwingine nyuma yake. Mama Futi alikagua kila fundo la waya kwa vidole alfajiri, siku zote za miaka sita, kabla mpita njia wa kwanza hajapita na kusema bahati.

Mwisho alileta kopo la vifungo. Ndani, juu ya vifungo, palikuwa na manyoya manne ya manjano. "Hawa ni wa mwaka ule wa kwanza, kabla sijajua. Nililia kwa kila mmoja. Watu hawakuona, maana nililia ndani."

Kinyozi aliufungua mkono wake. Akauweka unyoya wake juu ya yale manne. Yakawa matano. Mama Futi akafunika kopo.

Kazi ilichukua wiki mbili kamili. Kila alasiri kinyozi alifunga duka, na wateja walivumilia nywele. Mama Futi alipima, kinyozi akafunga. Fundo lililolegea lilifunguliwa likafungwa upya. Mara moja alifungua upande mzima kwa sababu ya nusu inchi. Mkono uliozoea dakika kumi ulijifunza kungoja. Sanamu ilivuliwa shati ikachomwa, na ilinuka vibaya kuliko ilivyotisha. Siku ya mwisho Mama Futi alileta chiriku dume kijana.

Toka kitandani sauti ndogo ilisikika kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi: "Hee. Mjane kapata posa."

Kinyozi aligeuka upesi ili mama yake asiyaone macho yake.

Siku ya nne mwewe alikuja. Kunguru walipiga kelele, kivuli kikashuka. Ndege wawili wakaingia kichakani, chini ya mabati. Mwewe alijibwaga kwenye waya wa kijani, akapenyeza mguu mpaka paja. Alikaza kucha, akakamata hewa. Akatoa mguu, akautazama. Akatia wa pili.

"Nafasi imeachwa hiyo, bwana!" Bibi alipaza sauti dirishani, anacheka mpaka kitanda kinalia. "Rudi kwa fundi akakupime tena!"

Mwewe aliondoka kwa aibu yake. Muda mfupi baadaye dume alitoka kichakani, akatulia kijitini katikati ya nyumba yake, akaimba. Bibi Harusi alimsikiliza. Alimfanya angoje kidogo, kama inavyostahili, kisha akamjibu.

Dukani, mteja aliyekuwa kwenye kiti, nusu kichwa kimenyolewa na nusu bado, alisikia nyimbo hizo akatikisa kichwa. "Kinyozi, una bahati wewe. Mwewe anamaliza ndege wa mtaa mzima, wa kwako wanaimba tu."

Kinyozi alizima mashine. Alimshika mteja bega, akamwongoza na taulo lake shingoni mpaka uani, akamsimamisha mbele ya waya.

"Tia kidole," alimwambia.

Na toka dirishani, kabla mtu hajauliza kwa nini, ulimi wa watu watatu ukaita, "Kitendawili!"

"Tega," alijibu mteja, kidole kikielea hewani kati ya kuta mbili.

Bibi alimtegea. Mteja alisema yai, akasema koti na shati, akatazama juu, akatazama chini, na hatimaye akatoa mji. Basi akajibiwa na watu wawili kwa pamoja, mama na mwanawe, kwa maneno waliyoyapata kwa gharama ya unyoya mmoja: ukiona vyaelea, vimeundwa.