Kwa Nini Fundi Huvaa Kwanza Bangili ya Mwanafunzi

Nyinyi mnaokuja huku mlimani kwetu kutafuta bangili za shaba mnacheka kila mkimwona fundi mzima, na ndevu zake, kavaa bangili iliyopinda, kazi ya mwanafunzi. Haya, chekeni. Zamani hakuna fundi ambaye angekubali jambo hilo. Thubutu! Kazi ya mwanafunzi ilivaliwa na mwenye kuiagiza, na ikiharibika, lawama zote zilikuwa za mwanafunzi.

Enzi hizo fundi aliyesifika kuliko wote alikuwa Senkondo. Ulipokuja ukame uliomaliza ng'ombe, wazee waliamua kila fundi achukue vijana wa nyumba zisizo na kitu awafundishe kazi. Senkondo alipewa Nakijwa, binti wa mjane aliyeishi kwa kulima mashamba ya watu. Mwanzoni alimpenda sana. Alimweka kwenye mvukuto apulize moto wa kuyeyushia shaba, akampa nyundo ndogo, akawa anamsifia kwa majirani bila kuulizwa.

Kisha siku moja mama mmoja akaigeuzageuza bangili mkononi, akasema, "Fundi, mkono wako siku hizi umezidi kuwa mwepesi!" Nakshi ya bangili ile aliitia Nakijwa. Senkondo akacheka, lakini roho ilimuuma, jamani, ikamuuma kama mtu aliyeibiwa. Tangu hapo akaanza kumwonea gere mtoto wa watu. Nakijwa akifua huku anaimba, anakasirika. Asipoimba, anakasirika vilevile.

Sasa, shaba ukiipiga sana inakuwa ngumu, inakatika upesi. Ndiyo maana katikati ya kazi fundi huirudisha motoni mpaka iwe nyekundu, akaizamisha majini, ikalainika. Hilo Senkondo hakumfundisha. Kila wakati wa moto ulipokaribia alimwambia, "Nakijwa, kuni zinatuishia. Hebu kimbia msituni." Binti akirudi, shaba imeshalainika na kupoa, naye anaendelea kufua bila kujua kilichopita.

Ikatokea Namkunda, binti wa pekee wa Senkondo, akaposwa. Kwetu bibi harusi huvalishwa bangili uani kwa baba yake ndipo atolewe kwenda kwa mumewe. Namkunda akaingia kiwandani, akampita baba yake, akamwambia Nakijwa, "Yangu nitengenezee wewe. Peke yako, mwanzo hadi mwisho."

Loo! Binti aliyemzaa mwenyewe! Senkondo hakujua aangalie wapi. "Haya, mtengenezee," akasema, na moyoni akajiambia kuwa itakatika hapo hapo juu ya fuawe, watu wajue fundi ni nani.

Haikukatika. Siku nne nzima alitega sikio asikie shaba ikilia kwa kupasuka, na siku nne nzima akasikia nyundo tu, taratibu, pole pole, mkono mwepesi ule ule aliouchukia. Ikatoka bangili nene, imesokotwa vizuri kuliko yoyote aliyowahi kusokota yeye. Ilikuwa wazi upande mmoja, ikingoja kubanwa kwenye mkono wa mwenyewe.

Siku yenyewe ua ulijaa watu. Nakijwa alishika koleo, Namkunda akanyoosha mkono huku anacheka. Hapo ndipo Senkondo alipong'amua alichokifanya. Shaba ile haijapita motoni hata mara moja. Itakatikia kwenye mshipa wa mwanawe.

"Ngoja!" Akamsukuma Namkunda pembeni, akaweka mkono wake. "Nivalishe mimi kwanza."

Nakijwa akabana. Bangili ikakatika vipande viwili, ncha ikamchana Senkondo juu ya kiganja, damu ikatiririka mpaka kwenye kiwiko. Watu wakapiga mayowe. "Mfukuzeni! Huyu si angemuua bibi harusi! Arudi kulima mashamba ya watu na mama yake!"

Nakijwa alikuwa amepiga magoti. "Baba," akamwambia Senkondo, "nimefanya yote uliyonifundisha."

Senkondo angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua ila yeye. Na nawaambieni kweli, alitamani kunyamaza, maana gere ile haikuwa imemwisha hata damu ikimtoka.

"Amesema kweli," akasema mwishowe. "Amefanya yote niliyomfundisha. Nilichomficha ndicho kilichonikata."

Akawaeleza habari ya moto, na ya kuni, hakubakiza. Mkewe alimfunga mkono kwa kitambaa bila kumwangalia usoni. Kisha Senkondo akamwita Nakijwa kwenye mvukuto, watu wote wakitazama, akamwonyesha shaba inavyokuwa nyekundu na wakati wa kuitoa. Siku tano baadaye Namkunda alitolewa kwa baba yake, amevaa bangili mpya ya Nakijwa.

Na tangu siku hiyo, mwanafunzi akimaliza bangili yake ya kwanza, wa kwanza kuvalishwa ni fundi wake, hadharani. Basi ukimleta mwanao huku kujifunza, usihangaike kuitazama bangili. Mtazame fundi. Akisita kunyoosha mkono, mchukue mwanao, mwende zenu.